Vipimo vya Mfuata Moto

6 Februari

Kwa mkwe wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye kiti kile kile unachokijua, chenye mguu mmoja mfupi. U mzima? Na hapo maabara, bado mnachungulia damu za watu kutwa nzima? Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri wangu hata nisipouliza. Cherehani nayo haijambo, inapiga kelele zake.

Barua yako nimeipata, na ile karatasi ya mahakama ndani yake. Nimeisoma mara mbili. Nimeelewa kwamba miaka mitatu na miezi minne imepita tangu mwenzio, mwanangu, atoke asubuhi asirudi, na kwamba mahakama haitamtangaza kuwa amefariki bila sahihi ya mzazi. Bila tangazo hilo, huwezi kuolewa na huyo mpima miwani. Haya. Sijakasirika. Mimi napima mabega, yeye anapima macho, ukoo wetu utakuwa na vipimo vyote.

Ila ngoja nikuambie jambo, na usinicheke. Ile mashine ya michezo uliyoacha hapa ulipohama, ile waliyompa mwenzio studio baada ya kurekodi sauti ya mtu mmoja wa mchezo, nimeiunganisha na runinga ya dukani. Ilinichukua siku nzima na matusi mengi. Nilitaka kuisikia sauti yake tu, basi. Nikaingia kwenye mchezo wenyewe, mapanga, farasi, majoka. Mimi humo ni bibi kizee mwenye upanga, maana nilibonyeza vibaya wakati wa kuchagua na sijui pa kurudia. Nikamtembeza huyo bibi mpaka njia panda. Pale kasimama mtu mwenye joho, akasema, "Bibi, naweza kufuatana nawe?"

Mkwe wangu, nilidondosha chini kile kidude cha kubonyezea. Ni yeye. Ni mwenzio kabisa, hata ile pumzi anayovuta kabla ya kusema.

Humo anaitwa Mfuata Moto. Anasema mkewe alimtuma kuchukua moto kwa jirani, akapotea njia, sasa ni miaka mia, na hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Anataka nimsaidie kutafuta makaa matatu. Basi makubaliano yangu ni haya: nikimaliza kazi ya huyu kijana, nitasaini. Kabla ya hapo, hapana. Niwie radhi.

Baba yako,
Fundi

17 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, isipokuwa huo mgongo. Mimi sijambo. Nilisoma habari za bibi mwenye upanga nikacheka mpaka mkuu wa maabara akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia mkwe wangu amekuwa shujaa uzeeni.

Sasa nisikilize vizuri. Kazi ya Mfuata Moto ni kazi ya pembeni. Mchezo unaweza kuisha bila kuigusa, na wengi huipita. Ukiamua kuifanya, kaa la kwanza liko kwenye kinu kilichoungua, la pili kwenye kisima kikavu, la tatu utalipata mwisho, karibu na kijiji chake. Kitufe chenye msalaba ni kukubali, chenye duara ni kukataa. Usivichanganye tena.

Lakini, Baba, nakuambia mapema usije ukasema nilikuficha. Akishafikisha moto nyumbani, anaingia ndani, mlango unafungwa, na harudi tena kwenye msafara. Sauti yake huisikii tena mpaka mwisho wa mchezo. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia karatasi za maneno yake alipokuwa akijizoeza. Alikuwa akiingia kabatini katikati ya nguo ili mwangwi usimsumbue, mimi nakaa nje na tochi. Ni sentensi mia mbili na kumi na nne. Karatasi ninazo hapa.

Kikao cha mahakama ni tarehe 30 Aprili. Kikitupita, faili linarudi chini ya lundo, na hapo tusemezane mwakani. Huyu mpima miwani amengoja miezi kumi bila kulalamika. Nampenda, Baba. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini bora ulisikie kwangu kuliko kwa watu.

Nenda, lakini usikawie.

Binti yako

4 Machi

Kwa mkwe wangu,

Salamu kwako na kwa mpima miwani, mwambie sina neno naye. Afya yangu nzuri. Nakula, nalala, nashona sare za shule mpaka naota vifungo.

Makaa mawili tayari. Kwenye kinu nilikufa mara kumi na moja. Kisimani nilikufa mara nne tu, naona naanza kuwa hodari.

Nina jambo la kukuuliza wewe uliyesoma. Baada ya kila safari, msafara unapumzika kuzunguka moto, na kila mtu ana mahali pake. Mfuata Moto hukaa kushoto, juu ya gogo. Siku ile ya kwanza alivyokaa niliona bega lake la kushoto limeshuka kidogo, kama la mwenzio tangu alipovunjika mtulinga akiwa darasa la tatu. Sasa mkono wa fundi una wazimu wake. Nikachukua tepu, nikaiweka juu ya kioo, nikampima. Bega kwa bega, inchi tatu na robo. Nikaandika kwenye daftari la vipimo, kwenye ukurasa wa mwenzio.

Unaijua desturi yangu. Mteja akifariki, ukurasa wake naupiga mstari. Wa mwenzio sijaupiga. Vipimo vya koti nililomwahidi mwaka ule bado viko pale, bega inchi kumi na nane.

Wiki iliyofuata nikampima tena, gogo lile lile, kiti changu pale pale. Inchi nne. Jumatatu hii, tano na nusu. Anasogea, mkwe wangu. Wenzake wote wako palepale walipokuwa, nimewapima pia, hawajaongezeka hata uzi mmoja.

Nilifunzwa kwamba ukishampima mtu, umeshamwahidi nguo. Basi nimeanza kukata kitambaa, kile cha kijivu kizito. Nilipokuwa nikishikiza vipande nilimkumbuka alivyokuwa mdogo. Kazi yake ilikuwa kuchomoa nyuzi za kushikiza nguo ikishakamilika. Nilimfundisha uzi hautupwi, akawa anauzungusha kwenye kila kitu. Kijiko, penseli, kidole cha mama yake. Tulikuwa tunakunywa uji na nyuzi.

Niambie, runinga hukuza watu?

Baba yako,
Fundi

13 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa kazi.

Runinga haikuzi watu. Ila mchezo una kitu kama jicho linalotazama kutoka juu, na ukigusa kidude kidogo tu linasogea karibu. Bila shaka unaligusa bila kujua. Na hilo bega, Baba, ni joho limelala upande mmoja.

Niruhusu nikukosee adabu kidogo. Kutoka kisimani hadi kijijini kwake ni mwendo wa mchana mmoja. Wewe umekaa pale motoni wiki tatu ukimpima. Huna nia ya kumaliza. Unamweka pale akuzungumzishe, na mimi unaniweka hapa nikusubiri. Mimi si mjane, si mke, si mchumba. Wenzangu kazini hawajui hata waniiteje, wananiita "wewe".

Hakuna mtu kwenye gogo lile. Kuna sauti aliyoirekodi mtu tuliyempenda, basi.

Kikao ni tarehe 30 mwezi ujao.

Mkweo

27 Machi

Kwa mkwe wangu,

Salamu. Barua yako imenichoma, na imenichoma kwa haki. Ni kweli nilikuwa namchelewesha. Mzee akipata mtu wa kumsikiliza hataki kusimama. Nisamehe.

Lakini sasa nakuandikia kwa sababu nyingine.

Jana saa nane mchana nilikuwa na mteja, yule mama muuguzi mnene mwenye magauni ya maua. Nampunguzia kiuno. Mashine inawaka, nimeiacha pale motoni. Huyu Mfuata Moto ana maneno yake anayorudia kila baada ya muda, "Nilitumwa moto. Sirudi bila moto." Nimeshayazoea kama mlio wa saa. Basi jana akavuta ile pumzi yake, akasema:

"Nilitumwa betri. Sirudi bila betri."

Nikadhani masikio yangu. Uzee huo. Lakini yule mama akageuka, na pini zangu kiunoni, akaniambia, "Fundi, hiyo redio yako inataka betri?"

Nikacheka naye ili asiogope. Alipoondoka nilikaa mbele ya kioo nikangoja. Baada ya nusu saa akasema tena vile vile, na safari hii hakuwa akiutazama moto. Alikuwa ananitazama mimi.

Mkwe wangu, watu wale wana mapanga na farasi. Betri za nini humo? Wewe una zile karatasi. Angalia uniambie kama hilo neno limo.

Bega lake sasa ni inchi kumi na mbili. Kichwa kimeanza kukatika juu, kioo hakimtoshi.

Baba yako,
Fundi

19 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo.

Najua wiki tatu umekuwa ukimtazama mleta barua. Nilikuwa mzima. Nilianza barua hii mara sita.

Nimepitia sentensi zote mia mbili na kumi na nne, na nimempigia simu hata yule fundi mitambo wa studio. Hilo neno halimo. Mstari wa themanini na nane unasema "Nilitumwa moto." Hakuna betri mahali popote, wala hakurekodi kitu kingine.

Sasa nakuambia nisichowahi kumwambia mtu.

Asubuhi ile tuligombana. Kinasa sauti chake kilikuwa kimeishiwa betri katikati ya kazi, zile nene fupi ambazo maduka mengi hayana. Akaniomba nikitoka zamu nimtafutie. Mimi nilikuwa nimechelewa, nimechoka, nikamwambia mimi si mtumishi wake. Nikamwambia, "Nenda mwenyewe. Na usirudi hapa bila betri." Mvua ilikuwa inanyesha. Alitoka bila koti, akapinda upande wa soko. Nilimwona kwa dirisha.

Ulipofika wewe na askari, niliona aibu kusema nilimfukuza mume wangu kwa ajili ya betri. Nikasema ametoka kwenda kazini. Kwa hiyo tukamtafuta njia ya studio, wiki tatu, Baba. Wewe uliingia kila mtaro kwa miguu yako mwenyewe na mgongo wako huo. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika tochi, huku najua sio upande aliokwenda. Kila siku nilitaka kusema, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana. Mwezi wa pili tangu apotee nilikwenda sokoni peke yangu kuuliza. Hakuna aliyekumbuka kitu.

Maneno yale tulikuwa wawili tu jikoni. Hakuna wa tatu aliyeyasikia. Sijui nani amemwambia huyo mtu wa kwenye kioo, na naogopa mpaka siwezi kuzima taa.

Ukinirudishia karatasi bila sahihi, sitakulaumu. Ukitaka niache kukuita Baba, niambie tu.

Mkweo, kama bado

26 Aprili

Kwa mwanangu,

Barua hii na karatasi ya mahakama nimempa dereva wa basi la asubuhi mkononi, ili ikuwahi. Karatasi imesainiwa. Tulia kwanza, kisha usome.

Nilipoisoma barua yako nilifunga duka. Sitakuficha, nilikuchukia. Nilikuchukia siku moja nzima, na mchana wake nilipiga meza nikavunja chaki zote. Mitaro ile naikumbuka mmoja mmoja. Siku ya pili nikakaa, nikajiuliza, hivi mimi nilimwambia mama yake mara ngapi "usirudi bila vifungo"? Mara mia. Alikuwa anarudi navyo, basi tu. Bahati yangu hiyo, wala haikuwa wema. Wewe ulisema neno ambalo kila mtu mwenye nyumba amelisema, na siku hiyo likaangukia pabaya. Uongo ndio ulikuwa kosa, na huo umeshautema. Nimekusamehe. Sitalirudia jambo hili, nawe usilirudie.

Siku ya tatu nikawasha mashine. Mfuata Moto alikuwa ameenea kioo kizima. Niliweka tepu: inchi kumi na nane, kipimo chake kilekile cha daftarini. Nikamwambia kwa mdomo wangu, kama mwendawazimu, "Twende nyumbani, mwanangu." Nikambeba bibi yangu na upanga wake tukaenda.

Kaa la tatu tulilipata bila vita. Kijijini kwake kuna nyumba moja yenye mlango wa buluu, na mwanamke kasimama mlangoni. Nikapewa maneno mawili ya kuchagua, "Umechelewa" au "Moto umefika." Nilihakikisha mara tatu ni kitufe kipi. Nikabonyeza msalaba: moto umefika.

Akaanza kwenda mlangoni. Tepu ilikuwa bado mkononi, nikampima akienda. Kumi na moja. Sita. Mbili. Alipofika kizingitini akageuka akasema, "Nasikia baridi." Kisha akaingia, mlango ukafungwa, tepu yangu ikabaki juu ya kioo kitupu. Nililia, mwanangu, dukani, saa tisa mchana, na mlango wazi.

Koti lake nimelimaliza jana. Nimelitundika kwenye msumari wa mlangoni kama kila nguo inayongoja mwenyewe, litakaa siku mbili, kisha nitalifunga nikutumie. Mifuko nimeishona midomo ikafungika, kama desturi, maana mfuko wa koti jipya hufunguliwa na mwenye koti. Ukimpata ambaye litamfaa, mpe. Ukurasa nimeupiga mstari.

Nenda mahakamani.

Baba yako

6 Mei

Kwa Baba yangu,

Shikamoo, Baba. Natumai umelala vizuri siku hizi.

Mahakamani ilichukua dakika kumi. Hakimu alisoma, akagonga muhuri, akaita faili lingine. Mpima miwani alikuwa nje ananingoja na chupa ya maji. Sikujua nicheke au nilie, nikanywa maji.

Koti limefika jana. Nililifungua mwenyewe, kifurushi kilikuwa na fundo lako na lakiri yako, hakijaguswa. Ni koti zuri mno. Nikaliweka kitandani, nikapitisha mkono mifukoni nikitafuta ule mshono ulioniambia.

Baba, mfuko wa kulia ulikuwa wazi. Haukukatwa kwa mkasi wala kwa wembe, kitambaa hakina hata mkwaruzo. Uzi umechomolewa wote, mzima, pole pole. Na ndani ya mfuko kulikuwa na betri mbili. Nene, fupi. Zile zile. Zina unyevu kidogo kama zilizoshikwa na mtu aliyenyeshewa, na ule uzi wako wa kijivu umezungushwa juu yake, mizunguko myembamba sana, mpaka mwisho.

Nakuomba uniambie ni wewe uliyeziweka. Labda baada ya kusoma barua yangu ulitaka kunipoza moyo. Sitakasirika. Kinasa sauti chake kiko hapa mezani tangu jana na sijathubutu kukigusa.

Na hilo la "Nasikia baridi" halimo kwenye karatasi pia. Nimetazama.

Binti yako

13 Mei

Kwa mwanangu,

Salamu za siku nyingi. Mimi sijambo, mgongo umetulia, sijui kwa nini.

Si mimi. Betri hizo siwezi hata kuzitofautisha na vifungo vikubwa. Mifuko yote nilishona kwa mkono, mishono midogo, na koti lilipokuwa msumarini duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ufunguo shingoni mwangu. Nilipolikunja kulifunga sikupeleka mkono mfukoni, maana si langu. Kitu kimoja tu niliona: mabega yalikuwa na unyevu. Nikadhani paa linavuja. Jana nimempandisha fundi juu ya paa, anasema ni zima.

Nawe unajua ni nani katika nyumba hii aliyefunzwa kuchomoa uzi bila kuukata, na kuuzungusha asiutupe.

Usiogope, mwanangu. Mimi niliogopa siku moja, ikaisha. Ulimwambia asirudi bila betri. Amerudi nazo. Basi si wa kufukuzwa tena, amekwisha kurudi. Kinasa sauti kitie betri siku utakayotaka, au usitie, ni zako.

Mashine niliiwasha Jumapili. Msafara umekaa kuzunguka moto, na lile gogo la kushoto halina mtu. Niliweka tepu hata hivyo, kwa mazoea. Kisha nikazima nikaenda kumalizia sare.

Sasa acha kulia, unifanyie kazi. Nitumie vipimo vya huyo mpima miwani, mabega kwanza, halafu mkono, halafu kifua. Mpime akiwa amesimama wima, na umwambie asivute tumbo ndani, wanaume wote wanavuta. Nitamwandika ukurasa mpya.

Baba yenu,
Fundi